Mishiri ya Embu, Bili ya Nairobi: Kula kwa Mfaransa na Mwitaliano Bila Presha

Mtu wa Nkubu au Runyenjes akipita nje ya mgahawa wa Kifaransa pale Nairobi, akaona vitambaa vyeupe mezani na glasi tatu mbele ya kila kiti, huwa anaogopa vitu viwili. Cha kwanza ni menyu: majina hayasomeki, na hujui utaletewa nini. Cha pili ni bili: ile bei uliyoiona kwenye menyu inaweza kuja mezani ikiwa na ndugu zake. Wengi huishia kuku na chipsi hapo mtaa wa pili, na hakuna ubaya. Lakini kuna siku mtu anataka kuwatoa wazazi waliomsomesha kwa kahawa na majani chai, ama chama kinafunga mwaka na wanachama wamesema mwaka huu hawataki pilau ya hema. Makala hii ni ya siku hiyo.

Migahawa ya aina hii si kitu kipya Kenya. Alan Bobbe alifungua bistro yake ya Kifaransa Nairobi mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kwa miaka mingi jina hilo lilitajwa kila watu walipoongea juu ya chakula cha Kifaransa mjini. Kwa upande wa Italia, leo ukienda hoteli ya Villa Rosa Kempinski kule Westlands utakuta mgahawa unaoitwa Lucca. Na kwa mtu wa Timau au Meru mjini, Nanyuki iko karibu kuliko Nairobi. Nje kidogo ya mji huo ndipo ilipo Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa na mwigizaji William Holden na wenzake mwaka 1959, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita ndani ya ua.

Ukitaka kusema ukweli, Meru iliwajua Waitaliano kabla ya kujua tambi zao. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzia Turin mwaka 1901, walifika Kenya mwaka 1902 na baadaye wakapanda hadi Meru. Hospitali ya Nkubu ina jina lao. Kule Nyambene, Bruda Giuseppe Argese, ambaye watu walimpa jina la Mukiri kwa sababu ya ukimya wake, ndiye aliyejenga mradi wa maji wa Tuuru kwa kukusanya maji ya msitu. Kwa hivyo mzee wa Tigania akikwambia hajui kitu cha Kiitaliano, muulize maji anayokunywa yalitoka wapi.

Menyu: nusu yake inatoka kwa shamba lenu

Tuanze na neno moja. Ukiona "haricots verts" kwenye menyu ya Kifaransa, pumua. Ni mishiri. Ile ile inayolimwa Embu, Kirinyaga, Meru na hadi Timau, inayopandwa leo na kuanza kuchumwa baada ya siku 45 hadi 60, ikichumwa tena na tena kwa wiki kadhaa kabla mmea haujachoka. Mkulima wa mishiri anajua kitu ambacho mpishi wa mgahawa anakilipia bila kukiona: ule wembamba. Mishiri ya daraja la juu kabisa, inayoitwa ekstra-faini, haifai kuzidi kama milimita 6 kwa unene. Ikivuka hapo inashuka daraja hadi faini, na ikivuka milimita 9 basi hiyo ni ya ng'ombe ama ya githeri. Ukichelewa siku moja kuchuma, umepoteza. Ndiyo maana Jumapili, wengine wakienda kanisani, wako walioinama shambani kwanza.

Mishiri hiyo hupanda ndege Nairobi kwenda Uingereza, Uholanzi na Ufaransa kwenyewe. Mwaka 2013 wakulima wetu waliumia sana baada ya Jumuiya ya Ulaya kuongeza ukaguzi wa maharagwe ya Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za kunyunyizia, hadi shehena moja kati ya kila kumi ikawa inachunguzwa. Wanunuzi wengine walipunguza wakulima wadogo hapo hapo. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kukaa kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe kuliko mtu yeyote. Na akiona vimishiri kumi na viwili vimepangwa kando ya nyama kama kuni, na bei yake ni vile ilivyo, anaruhusiwa kucheka.

Twende Italia. "Polenta" ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji, wakati mwingine kwa maziwa. Ni ugali, basi. Huwa laini zaidi, karibu na uji mzito, na wengine huuacha upoe, wakaukata vipande na kuukaanga. Watu wa Italia ya kaskazini waliula kwa vizazi kama chakula cha maskini, na kabla mahindi hayajafika Ulaya kutoka Amerika, walikuwa wanasonga mtama na nafaka nyingine, kama vile nyanya zetu walivyosonga wimbi. Ushauri wangu: usiende mwendo wa saa tatu kwenda kula ugali kwa bei ya mbuzi, isipokuwa unataka kuona wenzetu wanavyoufanya.

"Gnocchi" hutamkwa kama nyoki. Ni viazi vilivyochemshwa, vikapondwa, vikachanganywa na unga na kukatwa vidonge vidogo. Mtu aliyelelewa kwa mukimo atavielewa mara moja. "Risotto" ni mchele, lakini usitarajie pishori ya Mwea. Pishori inapendwa kwa harufu na kwa kuachana punje kwa punje; mchele wa risotto ni mnene, unakorogwa kwa supu polepole hadi unashikana na kuwa kama uji wa mchele wenye jibini. Ukiletewa ukiwa hivyo, mpishi hajakosea.

Na tambi zikija zikiwa na ugumu kidogo katikati, hazijatolewa mbichi. Waitaliano husema "al dente", maana yake jino lazima lihisi kitu. Ukizitaka laini, mwambie weita mapema. Hakuna anayekatazwa.

Sasa mahali pa kuwa macho. "Carpaccio" ni nyama ya ng'ombe mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Ilibuniwa katika Harry's Bar mjini Venice mwaka 1950. "Tartare" pia ni nyama mbichi, ya kusagwa. Mzee aliyezoea nyama choma iliyokauka vizuri, akinyoosha kidole tu kwenye menyu na kusema "niletee hii," anaweza kuletewa moja ya hizo, na jioni ikaharibika kimya kimya. Hata nyama ya kuchomwa ina viwango: kwa Kifaransa "saignant" bado ina damu, "à point" iko waridi ndani, "bien cuit" imeiva. Huna haja ya kukariri. Sema "iive kabisa" na weita wa Kenya atakuelewa kuliko Mfaransa.

Kuna nguruwe pia kwenye majina yasiyosema nguruwe: "prosciutto", "pancetta", "lardons", na mara nyingi ndani ya tambi za "carbonara" na "quiche lorraine". Ukimleta Mwislamu au Msabato, uliza kwanza. Na kwa wazee wetu wa Methodisti wasiogusa pombe, "coq au vin" ni jogoo aliyepikwa kwa divai, "boeuf bourguignon" ni ng'ombe aliyepikwa kwa divai, na kitindamlo kinachoitwa "tiramisu" mara nyingi hutiwa kileo. Swali ni moja: "Kwa hii kuna pombe ama nguruwe?" Uliza kwa sauti ya kawaida. Mgahawa wa maana huulizwa hivyo kila siku.

Neno moja la mwisho kwenye menyu. Kwa Wafaransa "entrée" ni chakula cha kuanzia, kidogo. Kwa Wamarekani ni chakula kikuu. Angalia bei na mpangilio wa kurasa ndiyo ujue mgahawa huo unafuata nani, la sivyo utaagiza vitu vidogo viwili na kurudi nyumbani na njaa.

Ukiwapeleka wazazi

Hapa chakula ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni baba. Mzee wa Meru hajazoea kukaa mezani halafu mtoto wake alipe mbele ya watu, na akiona bei upande wa kulia wa menyu atasema ameshiba hata kabla ya kuagiza. Ukimpa menyu, ataagiza supu na chai. Mama ataangalia baba ameagiza nini na kuagiza hiyo hiyo.

Njia ya heshima ni kumaliza mambo ya pesa kabla hawajafika. Piga simu siku moja ama mbili mapema, chagua chakula nao kwa simu, na uulize kama unaweza kulipa sehemu kubwa mbele kwa till. Baadhi ya migahawa ina menyu isiyo na bei ya kumpa mgeni, uliza tu. Mkiwa mezani, inabaki mazungumzo kama haya:

"Karibuni sana. Mzee, maji ya kawaida ama yenye gesi?"

"Ya kawaida. Yale ya bure."

Hapo ndipo unamwangalia weita na kutikisa kichwa kidogo. Maji ya chupa kwenye migahawa hii hulipiwa, yawe na gesi ama yasiwe nayo, na yanaweza kuwa bei ya kilo nzima ya sukari ama zaidi. Usimfanye mzee ajue. Mkate unaoletwa mwanzoni mara nyingi ni bure, lakini si kila mahali. Kile kitu kidogo sana cha kuonja kinacholetwa kabla hujaagiza chochote, hicho ni zawadi ya jikoni.

Ukifika wakati wa kumalizia, inuka kama mtu anayeenda msalani, pitia kaunta, ulipe hapo kwa simu. Ukirudi, bili imekwisha. Mzee atauliza, "Hawa watu hawaleti hesabu?" Mwambie, "Tumeshamalizana, baba." Atanyamaza kidogo halafu atakushukuru kwa njia yake, pengine wiki mbili baadaye, kwa kukutumia gunia la ndizi.

Bili na ndugu zake

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Chakula cha mgahawa Kenya kina VAT ya asilimia 16, na migahawa iliyo chini ya sheria ya utalii hukusanya pia ushuru wa asilimia 2 unaokwenda Tourism Fund. Zingine huongeza malipo ya huduma. Kuna menyu ambazo bei yake tayari imebeba hizi zote, na kuna zile ambazo chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya dawa, zimeandika kwamba ushuru utaongezwa. Tofauti ya hizo mbili ni karibu moja ya tano ya pesa yako.

Tuseme ni chama cha akina mama 12 wa Runyenjes. Kila mmoja amechanga shilingi 500 kwa mwezi kwa miezi 10, kwa hivyo wako na 60,000. Wamekodi gari kwa 15,000, kwenda na kurudi. Wamebaki na 45,000 ya kula. Mweka hazina ameangalia menyu kwa simu na kupiga hesabu: vyakula vikuu 12 vya wastani wa 2,100 ni 25,200; sahani 6 za kuanzia za kugawana, kila moja 1,200, ni 7,200; juisi 12 za 400 ni 4,800; chupa nne za maji za 350 ni 1,400. Jumla 38,600. Anafurahi. Anaona wamebakisha zaidi ya 6,000.

Kama bei hizo zimebeba ushuru, amepatia. Kama hazijabeba, ongeza asilimia 18: ni 6,948. Bili inakuwa 45,548. Chama kiko chini kwa shilingi 548, wakiwa Nairobi, usiku, na dereva anangoja nje. Na kama mgahawa unaongeza malipo ya huduma ya asilimia 5, hapo weka 1,930 nyingine. Sasa ni 47,478.

Swali la kuuliza kwa simu mapema ni fupi: "Bei zenu ziko na VAT, levy na service ndani, ama mnaongeza?" Wakisema wanaongeza, mweka hazina anapunguza zile sahani za kuanzia kutoka 6 hadi 4. Jumla inashuka hadi 36,200. Ushuru wa asilimia 18 unaifikisha 42,716. Huduma ya asilimia 5, ambayo ni 1,810, inaifikisha 44,526. Wako ndani ya bajeti, na hakuna aliyekula nusu.

Kuna bei mbili zaidi zinazodanganya macho. Samaki na kamba mara nyingine huandikwa "bei ya soko" bila nambari. Usiagize kabla hujaambiwa nambari. Na zile nyama kubwa za mfupa, hasa za Kiitaliano, bei yake inaweza kuwa ya kila gramu 100. Ukiona 900 ukafikiri ni sahani, kumbe nyama yenyewe ni kilo moja na robo, umeagiza ya 11,250.

Bili ikija, isome. Haya si mambo ya ubahili. Hesabu sahani, angalia VAT imeandikwa kando, na ukilipa dai risiti ya KRA yenye ile alama ya kuskani. Bei isiyo kwenye menyu, uliza.

Till, Paybill na namba ya mtu

Kikundi kikubwa kitaombwa kutuma amana kabla ya siku yenyewe. Hapo ndipo matapeli hupenda kukaa. Amana ya mgahawa huenda kwa till au Paybill ya biashara. Mtu akikuambia "tuma kwa hii namba yangu, till iko na shida," kata simu, tafuta namba ya mgahawa mwenyewe, na upige upya. Ujue pia kwamba jina linalotokea kwa till si lazima lifanane na jina lililo kwenye ubao, kwa sababu kampuni inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina lingine. Kwa hivyo uliza kabla: "Nikilipa, nitaona jina gani?" Halafu usome jina linalotokea kwenye skrini kabla hujamaliza malipo. Likikataa kufanana na uliloambiwa, acha.

Baada ya kulipa, mwombe aliyepokea akuandikie kwa ujumbe mambo matatu: kiasi alichopokea, tarehe na idadi ya watu, na mnachorudishiwa mkiahirisha. Barabara ya Embu na Meru ina mambo yake wakati wa mvua, na gari kuchelewa si ajabu.

Ukiwa mezani, mgahawa unaweza kukutumia ombi la malipo moja kwa moja, ile skrini inayokuja yenyewe na kuuliza PIN. Ni sawa, lakini soma kiasi kwanza. Namba yako ya siri unaiweka mwenyewe kwa simu yako. Humwambii weita, humpi simu akusaidie, hata kama mwanga ni hafifu na umesahau miwani. Mahali pa chini ya ardhi intaneti ikikataa, programu ya simu haitafunguka, lakini *334# haihitaji data. Na kama ujumbe wa kuthibitisha umechelewa, usilipe mara ya pili kwa haraka. Angalia salio. Pesa ikiwa imetoka, imetoka, ujumbe utafuata. Ukiwa umelipa mara mbili kweli, zungumza na meneja kabla hujatoka, kwa maana kurudisha kutoka kwa till ni rahisi mkiwa mnaonana. Ile ya kurusha ujumbe kwa 456 ni ya pesa uliyotuma kimakosa kwa namba ya mtu, na huko mafanikio yanategemea kama mwenye namba hajaitumia.

Kiwango nacho kinajulikana: kwa M-Pesa, malipo moja hayazidi 250,000 na kwa siku moja huwezi kupitisha 500,000. Chama cha 12 hakifiki huko. Harusi inaweza.

Simu ya mweka hazina

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha kwenye vyama. Mweka hazina mwenye deni la Fuliza hawezi kupokea pesa ya chama kwa laini yake bila kupoteza. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni la Fuliza hulipa deni kwanza. Mwanachama anatuma 500, ujumbe unasema 500 imefika, lakini salio halijasonga. Mama wa watu hajaiba. Ila siku ya kulipa till, 45,000 haiko, na urafiki wa miaka kumi na mbili unaanza kuvunjika mbele ya weita. Fuliza ilianza Januari 2019 na imesaidia watu wengi kununua dawa na kulipa nauli, mimi sina neno nayo. Lakini isiishi kwenye laini moja na pesa ya watu.

Dawa yake ni akaunti ya benki ya chama yenye Paybill, na watia sahihi watatu. Chama kidogo kisichotaka benki kichague mtu asiye na deni lolote kwa laini, na kila mkutano asome salio mbele ya wote. Michango ikikusanywa taslimu siku ya mkutano, kuiweka kwa wakala hakuna ada. Kila mmoja akituma 500 yake kutoka nyumbani, analipa shilingi 7 kila mara. Akina mama 11 kwa miezi 10, hiyo ni 770. Nusu ya sahani ya kuanzia, ukiongeza mkate.

Hesabu ya aina hiyo hiyo iko siku ya kulipa. Wengine hupenda mtu mmoja alipe bili yote, halafu wengine wamtumie. Kwa kila anayetuma kati ya 3,501 na 5,000, ada ni shilingi 57, kwa bei zilizoanza Julai 2023. Watu 11 wakifanya hivyo, 627 zimeenda. Lakini mteja anayelipa kwa till ya Buy Goods hakatwi chochote. Kama kila mtu anajilipia, mwambie weita mapema kwamba mtalipa mmoja mmoja kwa till ile ile. Hatafurahi, ila atafanya. Paybill ni tofauti: kulingana na mpango wa biashara, ada inaweza kukatwa kwako, kwa biashara, ama kugawanywa.

Bakshishi nayo? Kama bili imebeba malipo ya huduma, hulazimiki kuongeza. Ukitaka kumpa weita mwenyewe, mpe taslimu au mtumie kwa namba yake, na hapo kutuma kwa namba ya mtu ni sawa kwa sababu ni zawadi. Hadi shilingi 100 haikatwi ada.

Turudi kwa akina mama wa Runyenjes. Wamekula, wamepiga picha, mmoja amemwomba mpishi atoke amwonyeshe mishiri aliyoweka kando ya kuku, akampima kwa kidole na kumwambia hiyo ni faini, si ekstra-faini. Kahawa imekuja kwa vikombe vidogo kama vya watoto, na wote wamekubaliana ina nguvu. Mweka hazina amelipa 44,526 kwa till na kuonyesha ujumbe mezani, simu ikizunguka mkono kwa mkono. Zimebaki 474. Wakiwa njiani kabla ya kufika Makutano, anatuma 39 kwa kila mmoja wa wenzake 11, bila ada kwa sababu ni chini ya mia, na kubaki na 39 yake. Shilingi 6 zilizosalia ameziandika kwenye daftari.